Maili Sita za Orpha Lail

"Niandikie nane tu," Coy Sigmon alisema. "Sikuombi kumi. Nane."

 Orpha Lail alikuwa ameinama kwenye dirisha la gari la Coy, macho yakiwa kwenye mshale wa spidomita. Tairi za nyuma za gari lile zilikuwa zikizunguka juu ya roli mbili za chuma zilizozamishwa sakafuni, zikivuma pale pale kama nyuki waliofungiwa chupani. Ukutani, saa kubwa ya mtambo wa kupimia mwendo ilisoma maili hamsini. Mshale wa Coy nao ulisoma hamsini. Orpha alinyanyua mkono, Coy akaachia mafuta, mvumo ukazama taratibu mpaka gereji ikabaki na redio peke yake.

"Sawasawa," Orpha alisema. "Spidomita yako ni nzima kuliko kichwa chako."

"Bi Orpha, mimi nina watoto watatu."

"Watoto hawapimwi hapa."

"Nikienda mahakamani bila karatasi, pointi zinaingia kwenye rekodi yangu. Zikiingia, bima inapanda, na ikipanda haishuki miaka mitatu. Unajua miaka mitatu ni nini?"

"Najua. Na wewe unajua sitini mbele ya kanisa letu ni nini, watu wakitoka ibadani?"

Coy alifunga mlango wa gari kwa nguvu, akaufungua, akaufunga tena, kana kwamba mara ya kwanza haikutosha. "Ndiyo maana uwanja wa Burl umejaa na wako unafuga vumbi. Burl angeniandikia nane kabla sijazima injini!"

"Barabara haina ukuta. Vuka."

Coy alivuka. Orpha alimwona akishuka upande wa pili, akapokewa kwa kupigwa bega, na baada ya muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa, akatoka na karatasi ya manjano mkononi. Gari lake halikuwa limeingizwa hata kivulini.

Ndivyo mambo yalivyokuwa katika Kaunti ya Burris. Mtu akipigwa tochi ile ya kupimia mwendo na askari wa barabarani, akaandikiwa mwendo kasi, alikuwa na njia mbili. Angeweza kutuma faini kwa posta, na kulipa ni kukiri: kosa linakaa kwenye rekodi yake ya udereva, kampuni ya bima inalinusa kama mbwa anavyonusa mfupa, ada inapanda. Au angekwenda mahakamani na karatasi ya fundi isemayo kwamba spidomita yake ilikuwa ikimdanganya kwa maili kadhaa. Hapo mwendesha mashtaka angelibadilisha kosa. Si mwendo kasi tena, ni kifaa kibovu. Faini utalipa, lakini pointi hakuna, rekodi ni nyeupe, na watu wa bima hawajui kama ulitoka nyumbani siku ile. Mwendesha mashtaka alijua. Hakimu alijua. Kila Jumanne, siku ya kesi za barabarani, nusu ya spidomita za kaunti nzima zilikuwa zimeharibika, na kila Jumatano zote zilikuwa zimepona.

Mitambo ya kupimia ilikuwa miwili tu, mmoja kila upande wa barabara. Mmoja ulikuwa wa Orpha. Mwingine ulikuwa wa Burl Lail, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Zamani gereji ilikuwa moja. Grady Lail, mume huyo, ndiye aliyeijenga na ndiye aliyemfundisha Orpha kazi, kwanza kwa sababu hakuwa na pesa za kuajiri fundi, baadaye kwa sababu hakuona fundi wa kumshinda. Orpha alikuwa na sikio. Angesimama kando ya injini amefumba macho, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza mtoto akihema usingizini, kisha angesema, "Silinda ya tatu." Na ingekuwa ya tatu. Kisha mapafu ya Grady yakaanza kumsaliti. Alipolazwa mara ya kwanza, Burl ndiye aliyebaki mezani kupokea wateja. Siku moja Orpha alifungua mtoto wa meza kutafuta kalamu, akakuta kitabu kizima cha karatasi za manjano, zote zimekwisha kutiwa saini: Grady Lail, Grady Lail, Grady Lail. Wakati huo Grady hakuweza hata kushika kijiko.

Alimfukuza Burl akiwa na spana namba ishirini na mbili mkononi. Mashahidi walisema aliirusha. Orpha alisema ilimponyoka. Burl alikodi banda la ng'ambo, akanunua mtambo wake, na kwa miaka sita wale wawili wakawa wanatazamana kila asubuhi wakifungua milango, bila salamu, kama paka wawili juu ya uzio mmoja.

Mkaidi wa namna ile hakosi kujiumiza. Miaka miwili nyuma, askari alimkuta Orpha amezidisha maili tisa. Jioni ile ile aliandika hundi, akalamba stempu, akatuma. Alikuwa amekosa, basi alilipa. Bima ilipopanda, Wylene Huffman, aliyemuuzia bima na aliyekaa benchi moja naye kanisani, alimpigia simu akipiga kelele: "Nani alikwambia ulipe? Nani analipa kwa posta siku hizi?" Orpha alimjibu kwamba Mungu ana stempu zake na yeye ana zake. Hakuna aliyeelewa maana yake, hata Wylene.

Basi mwezi wa nne, siku ya Jumatatu saa nne asubuhi, polisi walipiga simu. Gari limeingia mtaroni karibu na daraja, lije lori la kulivuta. Orodha ya polisi ina sheria yake: ukiitwa, una dakika ishirini. Zikipita, anaitwa wa pili. Na wa pili kwenye orodha alikuwa Burl.

Orpha aliacha mkate wake wa nyanya na mayonezi umeng'atwa mara moja, akaondoka na lori lake la kuvuta magari. Lori lile ndilo lililokuwa likimlisha. Gereji peke yake, kwa ulimi ule na msimamo ule, isingeweza kulipa hata umeme. Barabara ya daraja inaruhusu arobaini na tano. Mshale wake ulisoma hamsini na nane. Aliuona, akaukubali. Alijua anakosa na alijua anakosa kiasi gani.

Askari Teague alikuwa nyuma ya ubao wa matangazo, mahali pake pa siku zote. Alitoka polepole, kofia ikimtangulia.

"Sitini na nne, mama."

"Hamsini na nane."

"Tochi inasema sitini na nne."

"Spidomita inasema hamsini na nane, na mimi ndiye ninayepima spidomita za kaunti hii."

"Na mimi ndiye ninayeshika tochi." Askari alianza kuandika. "Tochi haina chuki na mtu, mama."

"Mwenye tochi je? Hii si kwa ajili ya ile pikapu yako niliyoikatalia ukaguzi?"

"Hii ni kwa ajili ya sitini na nne."

Aliandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayechonga jiwe la kaburi. Alipokuwa bado anaandika, lori la Burl likapita, jekundu, limeoshwa, likapiga honi mara mbili. Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha.

Jioni Wylene hakupiga kelele. Hapo ndipo Orpha alipojua jambo ni zito.

"Orpha, nisikilize dada yangu. Lile kosa la zamani bado lipo kwenye rekodi. Hili nalo likiingia, zaidi ya maili kumi na tano juu ya kiwango, kwenye gari la biashara, kampuni haitakupandishia ada. Itakuacha. Bima ya lori inaisha mwisho wa mwezi wa tano, na hawataiandika tena."

"Tafuta kampuni nyingine."

"Nimetafuta mchana kutwa. Wanaokubali wanataka ada inayozidi bei ya lori lenyewe. Na bila bima polisi wanakufuta kwenye orodha siku hiyo hiyo. Unanielewa? Lori linabaki pambo la uwanjani."

"Nakuelewa."

"Basi nenda mahakamani kama binadamu wengine, useme spidomita yako ilikuwa mbovu."

"Haikuwa mbovu."

"Ya nani ilikuwa mbovu? Mchungaji wetu mwenyewe amekwenda na karatasi ya Burl mara mbili!"

"Ndiyo maana silali mahubiri yake yakiendelea," Orpha alisema. "Nataka nimwone usoni." Akakata simu.

Asubuhi alilipandisha lori lake kwenye roli. Hakutafuta njia ya kujiokoa. Alitafuta rungu la kumpigia Teague. Angepima mbele ya mtambo wake mwenyewe, aone hamsini na nane ni hamsini na nane, kisha aende mbele ya hakimu aseme tochi ya serikali ni mbovu na mwenye kuishika ni mwenye kinyongo. Alifunga minyororo ya kulizuia, akapanda, akakanyaga mafuta. Roli zikaanza kuvuma. Mshale ukapanda: thelathini, arobaini, hamsini. Aliushikilia kwenye hamsini na nane, mguu umetulia kama jiwe, akanyanyua macho kutazama ukutani.

Sitini na nne.

Alizima. Akapima upya. Sitini na nne. Alishuka, akakagua mtambo kwa gari jingine alilokuwa amelitengeneza, akaukuta uko sawa. Akarudi. Sitini na nne, mara ya tatu.

Aliketi juu ya ndoo ya oili iliyogeuzwa na kuzitazama tairi za nyuma za lori lake. Zilikuwa tairi kubwa, kubwa kuliko zile lililozaliwa nazo. Alizitoa kwenye lori lililopinduka, zingali na meno, nzuri kwenye tope. Kila mteja aliyewahi kuja kwake kufunga tairi kubwa alimwambia neno moja, bila kukosa: ukibadilisha tairi, badilisha na gia ya spidomita, maana tairi kubwa inakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na mshale haujui. Gia yenyewe ni kitu kidogo cha plastiki, kinatosha kiganjani. Alikuwa nayo rafuni. Ilikuwa bado kwenye pakiti yake, na juu ya pakiti, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameandika: lori letu.

Alizifunga tairi zile mwezi wa kumi, mwaka juzi. Siku ya Jumatano. Grady alikuwa amefariki Jumanne, na mazishi yalikuwa Ijumaa, na nyumba ilikuwa imejaa wanawake wenye bakuli za viazi na sauti za chini. Orpha aliwaacha, akaja gerejini na gauni jeusi, akafunga tairi nne. Mikono ilitaka kitu kizito. Ilipofika saa ya kufunga gia, mtu alikuja kumwita akachague jeneza.

Basi hiyo ndiyo kweli, na kweli hiyo ilikuwa na uso ule ule wa uongo wa kila mtu. Bi Orpha, asiyemwandikia mtu hata maili moja, angesimama mahakamani aseme: spidomita yangu ilikuwa mbovu. Na watu wangecheka mpaka wakamatane mabega.

Hata karatasi asingeweza kujiandikia. Mwendesha mashtaka hapokei ya fundi kwa gari lake mwenyewe. Aliyebaki ni mmoja.

Barabara ile ina upana wa hatua kumi na nne. Orpha hakuwa amezivuka kwa miaka sita. Aliliendesha lori mpaka ng'ambo, akalisimamisha mbele ya mlango wa Burl.

Burl alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, mguu mmoja juu ya mwingine, anakula mkate wenye kipande cha maini ya nguruwe cha kukaanga. Alitafuna polepole mpaka akameza.

"Haya," alisema. "Leo kuku ameingia mwenyewe jikoni. Karibu, shemeji. Una spana?"

"Nimeiacha."

"Niliona Teague akikuandikia. Jina lako lilimwia refu, aliandika muda mrefu." Alifuta vidole kwenye suruali, akavuta kitabu cha karatasi za manjano. "Nikuandikie ngapi? Kwa ndugu ni bei nafuu. Nane? Kumi? Wewe ni mtu mkubwa, chukua kumi."

"Pima."

"Nini?"

"Liweke lori kwenye mtambo wako, ulipime."

Burl alicheka. "Shemeji, mtambo ule una buibui. Buibui wana wajukuu. Taja namba."

"Sikuja kununua namba. Nimekuja kupimiwa. Kama hujui, nitakuonyesha swichi iko wapi."

"Unakuja uwanjani kwangu kuomba, na bado unatukana!"

"Siombi. Nalipa. Pima."

Walitazamana. Burl ndiye aliyeshusha macho kwanza, akasimama. Aliondoa masanduku yaliyokuwa juu ya roli, akafagia kwa mguu, akamwashiria apande. Mtambo ulikohoa, ukaamka. Orpha aliushikilia mshale kwenye hamsini na nane. Burl alikuwa amesimama ukutani, mikono mfukoni, tayari kucheka. Kisha hakucheka. Aligonga kioo cha saa kwa kucha, akagonga tena.

"Sitini na nne," alisema.

"Naam."

"Ni mbovu kweli." Alimgeukia, na furaha ikamjaa uso kama maji kwenye sinia. "Ni mbovu kweli! Kinyozi hajinyoi! Miaka yote unatupigia mahubiri, na lori lako mwenyewe linadanganya maili sita! Tairi hizi ulizifunga lini?"

"Mwezi wa kumi. Mwaka juzi."

Furaha ilibaki usoni mwa Burl kidogo, haijui pa kwenda. Mwezi ule wa kumi ulikuwa wake pia. Alikuwa amebeba upande wa kushoto wa jeneza, na Orpha hakumtazama. Aligeuka, akaketi mezani, akaandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Maili sita," alisema bila kunyanyua kichwa. "Karatasi ya kwanza ya kweli kutoka kwenye kitabu hiki, na hakuna kiumbe atakayeiamini. Nenda nayo. Jumanne nitafunga gereji nije kusikiliza. Nitaleta na karanga."

"Lete. Zikukwame."

Jumanne mahakama ilijaa. Watu waliketi wamebana karatasi zao za manjano kama vitabu vya nyimbo za kanisani. Mwendesha mashtaka alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, amebeba mafaili mpaka kidevuni, na alizimaliza kesi haraka kama mtu anayemenya njegere. Coy Sigmon aliitwa. Nane. Kifaa kibovu, lipa kwa karani. Aliyefuata, tisa. Kifaa kibovu. Askari Teague alisimama ukutani, kofia kwapani, uso mtupu.

"Orpha Lail."

Minong'ono ilizimika. Alitembea mpaka mbele akiwa na gauni jeusi, lile lile, kwa sababu hakuwa na jingine la kwenda mbele za watu.

Msichana aliipokea karatasi, akaiweka juu ya nyingine bila kuitazama. "Serikali inakubali kifaa kibovu, mheshimiwa."

"Isome," Orpha alisema.

"Samahani?"

"Hujaisoma. Imepimwa. Isome."

Nyuma mtu alicheka kwa pua. Sauti ya Coy, aliyekuwa ameichungulia karatasi ile, ilisema, si kwa kunong'ona sana, "Sita tu! Angalau angejipa nane kama sisi!" Na hapo mahakama nzima ikapasuka, hata karani aliinamisha uso kwenye daftari. Katikati ya kicheko kile Orpha alisikia karanga zikivunjwa.

Hakimu aligonga meza. Alikuwa mzee mwenye macho ya mtu aliyekwisha kusikia kila kitu mara mbili. "Bi Lail, umepata ulichokuja kutafuta. Unagombana na nani?"

"Mheshimiwa, sikuja kutafuta. Lori langu lina tairi kubwa, gia haikubadilishwa, hilo ni kosa langu. Kwa mshale wangu nilikuwa hamsini na nane. Hilo nalo ni kosa, na nalikiri. Lakini spidomita ilikuwa mbovu kweli. Nataka iandikwe kwamba ilikuwa mbovu kweli."

"Fomu haina nafasi ya neno 'kweli'."

Kicheko kilirudi. Hakimu alikiacha kipite.

"Sikiliza, Bi Lail. Nikianza kuuliza karatasi ipi ni ya kweli, itabidi niulize zote, na hatutatoka humu hadi Krismasi. Una njia mbili. Useme kifaa kibovu, ulipe, uende. Au ukatae, askari Teague aape, nisikilize kesi ya sitini na nne, na utakayoyasema yote nitayasikiliza kwa heshima. Kisha nitakutia hatiani, maana tochi ilisoma hivyo na wewe mwenyewe umesema ulikuwa unakwenda hivyo."

Orpha alitazama mbele. Aliona wazi kama anavyoona injini iliyofunguliwa. Upande mmoja lilikuwa lori, orodha ya polisi, mlango wa gereji unaofunguliwa kila asubuhi. Upande wa pili lilikuwa jambo moja tu: kwamba mtu mmoja, hata mmoja, kwenye chumba kile, atoke akiamini kwamba Orpha hakudanganya. Aligeuza kichwa. Alimwona Coy, anacheka. Alimwona Teague, anatazama dari. Alimwona Burl, mkono umesimama juu ya mfuko wa karanga. Burl ndiye pekee aliyejua. Naye alikuwa mtu wa mwisho duniani ambaye neno lake lingemsafisha mtu.

"Kifaa kibovu," Orpha alisema.

"Lipa kwa karani. Anayefuata."

Nje, kwenye ngazi, Coy alimngoja na wenzake wawili. "Bi Orpha! Karibu kwenye chama! Mkutano ni kila Jumanne!"

"Sitini mbele ya kanisa," Orpha alisema akipita. "Mimi ni mwongo leo, sawa. Wewe bado ni mpumbavu kila siku."

Bima iliandikwa upya, kwa ada ile ile. Wylene alileta karatasi mwenyewe na keki ya limau juu yake. "Uliona? Ilikuwa rahisi." Orpha aliichukua karatasi. Keki aliiacha mezani mpaka ikaliwa na sisimizi.

Wiki ile ile walianza kuja. Walivuka barabara kutoka kwa Burl, maana ilisemekana Bi Orpha sasa naye anaandika, na karatasi yake ina uzito zaidi. Wa kwanza alikuwa mwenye duka la rangi, amevaa tabasamu la mtu anayeijua siri ya nyumba.

"Sita tu, Bi Orpha. Kama zako."

"Panda kwenye roli."

"Si lazima, mimi na wewe tunaelewana..."

"Panda au ondoka."

Alipanda. Roli zikavuma. Saa ya ukutani ikasoma hamsini, na mshale wa mwenye duka ukasoma hamsini.

"Sawasawa," Orpha alisema.

"Mnafiki mkubwa we!" Mwenye duka alitema mate kizingitini, akaondoka akirusha kokoto. Orpha alifungua bomba, akaosha kizingiti. Siku ile aliosha mara tatu. Baada ya wiki mbili hakuja mtu, na vumbi likarudi mahali pake.

Mwezi wa sita polisi walipiga simu. Gari limegonga mti, upande wa darajani. Dakika ishirini. Orpha alitoka na lori, tairi kubwa zilezile, gia mpya ndani yake. Alishika barabara ya daraja kwenye arobaini na tano. Nyuma yake magari yalijazana, yakapiga honi, yakampita moja moja, na kila dereva alimwonyesha mkono aliotaka kumwonyesha. Nyuma ya ubao wa matangazo, Teague alinyanyua tochi yake, akamlenga, akaitazama. Kisha akaishusha, akagusa ukingo wa kofia kwa vidole viwili.

Orpha hakumrudishia salamu. Macho yake yalikuwa kwenye mshale. Arobaini na tano. Kwa mara ya kwanza tangu ule mwezi wa kumi, ulikuwa unasema kweli, na dakika zilikuwa zimebaki tisa.